Kode Iliyopita kwa Mtu wa Kilima cha Katikati

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili ishirini na moja. Hapana, hapana. Ishirini na moja ziwa lilikuwa bado limekaa ndani ya nyumba za watu kule chini, na ile nyumba ya wageni ya mtaa wa Rugenge haikuwa hata na rangi. Tuseme ishirini na tatu, kiangazi, mihogo imeanikwa kila penye jiwe.

Siku hiyo Mama Inamahoro alishuka kwenye pikipiki, akakung'uta vumbi la uwanda wa Ruzizi kwenye kitenge, akaingia pale akiwa ameshika simu kubwa aliyotumiwa na binti yake Déborah. Simu hiyo haikuwa na laini ndani. Ilifanya kazi penye Wi-Fi tu, na pale ilikuwapo.

Kilichomleta kilikuwa kimoja. Déborah alikuwa amejifungua mtoto wa kike huko Kanada, na katika ukoo wao mtoto hapewi jina mpaka nyanya amwangalie usoni. Picha haitoshi, picha haipepesi macho. Ofisi ya huko ilitaka jina siku ileile. Nyanya asipoonekana, lingeandikwa jina la upande wa baba, nalo lilikuwa limekwisha kuchaguliwa.

Na Inamahoro si wa kurudi nyuma. Mto ulipokula shamba lake la mpunga, alianza upya ng'ambo ya mfereji kwa jembe la kuazima. Ulipolikula tena, akaanza tena. Majirani humwita Kisiki: utakikwaa wewe, chenyewe hakisogei.

Mezani alikaa binti aitwaye Noella. "Karibu, mama. Ni Wi-Fi? Nipe nimero yako. Kode, zile namba za kufungulia, itaingia kwa mesaji, uniambie, ndipo utafunguliwa."

Inamahoro akaitaja namba bila kusita. Lakini kwao namba si ya mtu, ni ya nyumba. Nyumba nzima ina moja, kanisani inajulikana, sokoni inajulikana, na laini yake hukaa ndani ya kasimu kadogo ka shemeji yake Placide, aliyekuwa na ng'ombe kule juu milimani, Rurambo.

Wakangoja.

"Haijaingia, mama?"

"Iingie wapi, mwanangu? Simu iko kwa Placide, Rurambo."

Noella akashika kichwa. Pembeni, Thierry, muuza makava ya simu ambaye chai yake moja humtosha kutwa nzima, akacheka mpaka ikamwagika. "Mama, umetuma kode kwa ng'ombe!"

"Ng'ombe zangu zinakamuliwa, kijana. Weye, tukikukamua, itatoka nini?"

Thierry, kwa aibu, akatoa namba yake itumike. Haikufaa. Namba moja, simu moja. Na za wote waliokuwamo, hata ya Noella, zilikwisha kutumika. Tena mashine ilikuwa kali: kode tatu zikipita bure, namba inafungwa mpaka kesho.

"Ya kwanza imekufa," Noella akasema. "Zimebaki mbili."

"Mbili zinatosha." Inamahoro akavuta kiti, akakaa.

Shida ilikuwa kasimu ka Placide. Kalianguka majini walipokuwa wakinywesha ng'ombe, na tangu hapo kanasikia lakini hakasemi. Placide mwenyewe namba anasoma, ila kuandika mesaji hajui. Basi Inamahoro akaazima simu ya Noella, akampigia na kusema peke yake: "Placide! Minye Inamahoro. Najua unanisikia. Simama hapo simu inaposhika rezo, usitoke. Namba zikiingia, zipige kelele ku upande wa kanisa."

Kisha akampigia Dieudonné, katekista wa kule, mwenye simu nzima, azisikilize kelele hizo na kumrudishia namba.

"Placide simuone, mama, kuko mawingu," Dieudonné akasema. "Na sauti yake haifike huku. Lakini kuna mutu ku kilima ya katikati, anasikia huku na huku. Atatupitishia."

Noella akatuma kode ya pili. Simuni ikasikika sauti ya mbali ya yule wa katikati ikisalimu: "Mwiriweee!" Dieudonné akaitikia. Watoto je? Wazima. Nyasi je? Zimekauka. Mvua je?

"Dieudonné, kode!"

"Mama, mutu ananisalimia. Nimukate?"

Kwenye milima ile hakuna anayemrushia mwenzake neno bila salamu. Anayefanya hivyo analeta habari ya msiba. Namba zilipoanza kuja, Noella alikuwa anatazama maandishi mekundu: muda umekwisha.

"Imekufa ikisalimiana," Thierry akasema.

"Imebaki moja, mama," Noella akasema polepole. "Ao urudi kesho?"

"Kesho mutoto iko na jina ya wengine."

Akaweka viganja juu ya magoti. Hakuwakasirikia, yeye mwenyewe angesalimia. Kisha akainua kichwa. "Noella, usitume kwanza. Dieudonné! Waambie wasalimiane sasa. Watoto, nyasi, ng'ombe, mugonjwa, yote. Wakimaliza kabisa, uniambie."

Salamu zikaenda na kurudi juu ya mabonde. Chai ya Thierry ikapoa. "Hata jogoo wanamuuliza?"

"Hata jogoo. Waache."

Mwishowe Dieudonné akasema, "Mama, wamemaliza. Wamenyamaza."

"Tuma," Inamahoro akasema.

Noella akatuma. Wakategea sikio. Kisha, kama mtu anayeita ndama: "Ine! Saba! Saba! Sifuri! Mbili! Tisa!" Noella akaandika. Ikafunguka.

Déborah akatokea, akainamisha simu. Kitoto kikapepesa macho, kikapiga miayo. Inamahoro akakitazama kwa muda mrefu.

"Kidevu hicho ni cha mama yangu," akasema. "Aitwe Niyonsaba."

Kesho yake alituma Rurambo pakiti ya chumvi ya ng'ombe, ya kumshukuru yule wa katikati. Mwenye kusimulia haya ana miguu isiyotulia, akafika huko kiangazi kilichofuata. Placide alisema alidhani ni mtu wa Dieudonné. Dieudonné alisema alidhani ni mtu wa Placide. Kilimani palikuwa na nyasi zilizoliwa na jiwe la kukalia, basi. Chumvi ingali kanisani, haijafunguliwa, na kila anayeteremka kutoka kule huulizwa lilelile: aliyekuwa pale katikati alikuwa nani?