Upande wa Ng'ambo Uliokaa Kimya

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila upepo unapogeuka hapa Nchelenge, mwanangu, na kwa kuwa sasa unakalia kiti changu, ni vizuri uijue. Siku hiyo upepo mkali uliingia ziwani asubuhi, na hakuna simu hata moja iliyopata onyo letu. Mtumbwi mmoja wa kijiji cha Kabuta ulipinduka. Wavuvi wake wawili walifika ufukweni wakiwa wameshikilia ubao, wazima, lakini nyavu zao zilibaki majini.

Nilikuwa bado msichana, na nilikuwa peke yangu na programu hii ya kuwaonya wavuvi kwa simu upepo unapokuja. Aliyeiandika, Mzee Kasongo, alikuwa Mkongomani. Alinifundisha kwa miaka michache, kisha uzee ulipomwelemea akarudi kwao Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Nyumbani nilisema Kibemba, sokoni nilisema Kiswahili na wauza samaki, lakini lugha ile ya kompyuta, ya mabano, ya ukoo wa Lisp, hapa tuliijua mimi na yeye tu. Alipoondoka sikuwa na wa kuzungumza naye juu ya kazi yangu. Nilikula mbele ya kompyuta. Nikipata jambo la kuchekesha kwenye programu, nilicheka, kisha nikatazama mlango, hakuna mtu.

Mchana ule mchuuzi mmoja aliegemeza baiskeli yake ukutani, kapu la samaki likiwa tupu.

"Mama Kompyuta," akaniita, "leo machine yako ilienda kanisa?"

"Sijui, ndugu yangu. Natafuta kosa."

"Tafuta mbio. Kesho bandugu yangu batarudia ku ziwa, na banangojea message yako."

Nikafungua programu. Mstari wa kutuma onyo ulikuwa mfupi:

(kwa-uhakika upepo-mkali (tuma onyo))

Nilidhani kwa-uhakika ni fanksheni, yaani amri ya kawaida, kama nyingine, nikaitafuta kati ya fanksheni. Haikuwepo. Nikaanza kukisia: labda inahakikisha ujumbe umefika. Nilikuwa tayari kuandika ya kwangu kwa jina hilohilo, ndipo nikakumbuka siku nilipomwuliza Mzee Kasongo maana ya neno jingine, naye akasukuma kikombe chake cha chai pembeni kwa hasira.

"Mutoto, unaangalia neno kwa sura tu, halafu unabahatisha! Mimi niko muzee, usiniulize mimi. Ambia ordinateri ikufungulie, hatua moja tu. Halafu enda uone fasi neno ile ilizaliwa."

Basi nikafanya hivyo. Nikaiambia kompyuta: usiutekeleze mstari huu, nionyeshe tu unageuka kuwa nini. Ikanionyesha. Ikiwa ripoti ya upande wetu inasema upepo ni mkali, na ripoti ya ng'ambo inasema hivyohivyo, ndipo tuma onyo. La sivyo, usifanye lolote.

Hapo nikaelewa, na wewe uelewe taratibu, usione haya kusoma mara mbili. Fanksheni hupewa vitu vilivyokwisha kufanyika. Kama kwa-uhakika ingekuwa fanksheni, onyo lingekuwa limeshatumwa kabla haijaamua lolote. Kumbe ilikuwa makro, na makro hupewa maneno yenyewe, kabla hayajatekelezwa. Huyapanga upya, na mstari unaotokea ndio unaotekelezwa. Hivyo ndivyo Mzee Kasongo alivyoiongezea lugha maneno yake mwenyewe. Ndiyo sababu sikuliona neno lile kati ya fanksheni: lilikuwa kwenye faili jingine, chini ya define-syntax, amri inayozaa makro, na huko nikalikuta likiwa limeandikwa kwa mkono uleule wa subira ninaoujua.

Upande wetu ulikuwa umeripoti upepo. Ng'ambo kulikuwa kimya. Nikatazama ripoti za ng'ambo: zilikuja kila asubuhi bila kukosa, kisha zikakatika, na kwa kuwa siku zilikuwa za utulivu hakuna aliyetambua. Sikuwahi kujiuliza ni nani anayezituma. Ziliingia zenyewe kwenye mashine. Nikatazama namba ya simu. Ilikuwa namba ya Mzee Kasongo, niliyokuwa nayo kwenye simu yangu.

Nikapiga. Akapokea mwanamke.

"Papa hayuko tena," akasema. "Tulimuzika juma ilipita. Wewe ni nani?"

"Ni Bupe, wa Nchelenge."

"Ah! Kumbe njo wewe!" akasema. "Kila asubuhi alikuwa anaenda ku maji na fimbo yake, anaangalia upepo, anaandika message. Tulikuwa tunamucheka: Papa, unaandikia nani? Anasema, kule kuko mutu moja anajua luga yangu."

Asubuhi zote zile nilizokaa nikijiona sina wa kuzungumza naye, mwanangu, alikuwa akinisemesha. Nilipita juu ya neno lake kila siku, na sikulifungua.

Nililia, kisha nikaibadili makro. Ng'ambo wakinyamaza, amini upande wetu; na uniambie mimi kwamba ng'ambo wamenyamaza. Kisha nikaiandaa programu nzima upya, maana mistari iliyokwisha kufunguliwa hubaki na maana ya zamani hata ukiibadili makro. Usisahau hilo. Kesho yake upepo ulirudi, simu za Kabuta zikalia, na mitumbwi ikabaki nchi kavu. Yule mchuuzi akapita akipiga kengele ya baiskeli: "Mama Kompyuta, machine imetoka kanisa!" Nilicheka. Niligeuka kumwambia mtu, hakuna mtu.

Nakuusia basi: ukikuta neno usilolijua, usilibahatishe. Lifungue hatua moja, tazama limegeuka kuwa nini, kisha nenda palipoandikwa ulisome lote, na ujiulize linamtegemea nani. Na kimya cha mtu usikihesabu kuwa utulivu, mpigie simu. Mungu akupe subira ya kusoma kazi za waliokutangulia, akupe na mtu wa kukusoma wewe, na umtambue angali yupo.