Trekta la baba larudi kukata nyasi

Saa moja asubuhi, miguu miwili yenye buti za mpira imechomoza chini ya trekta kuukuu lililoegeshwa uani. Mwenye miguu anaomba spana, anaijaribu, anairudisha. Anaomba nyingine, nayo anairudisha.

"Kaka, hii boliti imeota mizizi humu," inasikika sauti kutoka chini. "Niletee nyundo, tuongee nayo vizuri."

Mwenye sauti ni mama wa miaka hamsini na mbili anayejulikana mtaani kwao kama Fundi Grisi. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu ya kucha zake, naye analipenda kuliko lile lililo kwenye kitambulisho.

Kwa kawaida, saa kama hizi huwa karakanani kwake, akitengeneza pampu za maji na mashine za kusaga. Wiki hii amefunga mlango na kuja nyumbani kwa wazazi wake. Anataka kulirudishia trekta la marehemu baba yao mashine ya kukatia nyasi, iliyolala bandani kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mashine yenyewe hufungwa ubavuni, kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Ina mkono mrefu wa chuma unaolala karibu na ardhi, wenye meno kama ya kitana. Katikati ya meno hayo kisu kirefu hukimbia kwenda na kurudi, kikikata kama mkasi. Dereva anaona kila kinachoanguka bila kugeuza shingo.

Kilichowafanya waikumbuke ni kiuno cha kaka yake. Yeye ndiye anayefuga ng'ombe wa maziwa hapo nyumbani, na kwa miaka yote hiyo amekata nyasi kwa fyekeo. Mwaka huu kiuno kimegoma, na daktari amemwambia aachane na kazi ya kuinama. Mwaka jana kiangazi kilimkuta bila nyasi kavu za kutosha, akauza ng'ombe wawili kwa shingo upande. Sasa nyasi zimekomaa, na mawingu yameanza kukusanyika.

Lakini kulikuwa na mama yao.

Baba alikipenda chombo hicho kupita kiasi. Siku moja nyasi zilikwama kwenye meno, akashuka bila kuzima injini na kuzichomoa kwa mkono. Vidole viwili vilibaki shambani. Wiki hiyohiyo mama alitaka mashine ifunguliwe kutoka kwenye trekta, na baba akaifungua mwenyewe kwa mkono uliobaki mzima. Baadaye kidogo, kisu kilipotea. Mama akiulizwa alisema hajui. Baba hakuuliza mara ya pili.

Kwa hiyo kaka alipotaja habari ya kuirudisha, mama alinyamaza. Fundi Grisi anasema hilo liliwatia hofu zaidi ya kugombezwa, kwa kuwa mama yao si mtu wa kunyamaza. Mwishowe aliwaambia wafanye wanavyotaka, ila wasimwite kutazama.

Siku ya kwanza ya kazi, mama aliweka kigoda barazani akachambua maharage, akiwa amegeuzia trekta mgongo. Siku ya pili kigoda kilikuwa kimegeuzwa nusu kuelekea trekta. Siku ya tatu maharage yalikuwa yameisha, ila yeye bado yupo palepale.

Kazi haikuwa nyepesi. Kipande cha chuma cha kushikilia mashine upande wa mbele hakikuonekana. Fundi akakata boksi la sabuni kwa mkasi, akalipima ubavuni mwa trekta mpaka likakaa sawa, kisha akalitumia kama kipimo kukata bamba la tela bovu na kulichomelea. Fimbo ya mti inayosukuma kisu ilikuwa imeliwa na mchwa. Akachonga mbili mpya kwa mti mgumu aliopewa na seremala jirani.

Kaka alimuuliza kwa nini asitumie chuma, kazi iishe.

"Kisu kikigonga kisiki, lazima kitu kivunjike," alimjibu. "Unataka uvunjike mti, au gia?"

Mkono wa mashine nao aliufunga ncha yake ya nje ikiwa imetangulia mbele kidogo. Kaka akalalamika kwamba amefungiwa kitu kimepinda. Dada akamtuliza: nyasi zitausukuma nyuma, na hapo ndipo utanyooka.

Kisha akaongeza vitu ambavyo baba hakuwa navyo. Alitengeneza kifuniko cha mkanda unaozungusha mashine, na akaning'iniza kando ya kiti ufito wa chuma wenye kulabu, wa kuvutia nyasi zilizokwama. Kila alipowasha injini kujaribu, alizima kabla ya kushika chochote, akachomoa ufunguo na kuutia mfukoni. Mama aliona yote hayo kutoka kwenye kigoda chake.

Siku ya nne walikuwa wakijadiliana watakipata wapi kisu cha mashine ambayo hata madukani hawaijui tena. Mama akainuka, akamwagiza mwanawe wa kiume ngazi, akamwonyesha pembe ya dari ya jikoni.

Kilishuka kifurushi kirefu cha shuka kuukuu. Ndani yake mlikuwa na kisu, hakina hata doa la kutu.

"Nilimkasirikia baba yenu, kisu sikukikasirikia," mama aliwaambia. "Nilikuwa nakipaka mafuta kila nikikumbuka. Nilisema siku mkipata akili nitakitoa."

Fundi Grisi anakumbuka kwamba alikaa juu ya sanduku la vifaa, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko.

Asubuhi iliyofuata wakaingia shambani. Kaka kwenye usukani, dada anatembea kando, mama amesimama mpakani ingawa hakuna aliyemwita. Nyasi zikaanza kulala zote upande mmoja, na mkono wa mashine ukanyooka kama fundi alivyosema. Halafu pakasikika mlio mkali. Kisu kimegonga kisiki, fimbo ya mti imepasuka.

Fundi akasogea na fimbo ya akiba. Kabla hajainama, mama akapaza sauti.

"Ufunguo uko wapi?"

Kaka akauinua juu ya kichwa, uonekane. Mama akaitikia kwa kichwa, na fundi akainama kazini.

Mvua ilinyesha siku chache baadaye, nyasi zote zikiwa tayari zimekauka na kuingia bandani. Kaka anasema hajalala vizuri hivi tangu kiuno kianze kumsumbua.

Fundi Grisi amefungua tena karakana, lakini mawazo yake yako kwenye uzio wa jirani, ambako kumetelekezwa reki ya kukokotwa na trekta, ya kukusanyia nyasi zilizokatwa. Jirani amekubali kuitoa, mradi naye akatiwe nyasi zake. Mama ameunga mkono mpango huo kwa sharti moja: kuna kuku anaatamia kwenye reki hiyo, asisumbuliwe mpaka aangue.

"Spana zangu ziko tayari," anasema fundi akifuta mikono. "Tunasubiri vifaranga."