Mahindi ya moto tumboni: yaliyonikuta kwenye barrière ya Bunia asubuhi ya mtihani

Wakuu, nawasalimu wote, wa kiume kwa wa kike. Leo naleta habari ya tumbo la mwezi. Wenye aibu wapite pembeni taratibu, sitawafuata.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, Bunia, wakati wa vita ya Ituri. Sijatia chumvi. Na chumvi yenyewe siku zile ilikuwa haipatikani!

Kiswahili changu ni cha kwetu, mtanivumilia.

Tangu nianze kuona mwezi, siku ya kwanza kwangu ilikuwa ya kufa na kupona. Tumbo linakaza, kiuno kinakatika, natapika mpaka nyongo. Kabla ya vita mama alikuwa ananinunulia vidonge. Nameza, nalala, kesho niko shuleni.

Vita ikaja. Wazazi wakakimbilia Mahagi na wadogo zangu. Mimi nikabaki kwa Tantine Julienne, dada ya baba, kwa sababu moja tu. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na Exetat, ule mtihani wa serikali, ulikuwa ufanyike palepale mjini. Bila Exetat huna diploma, na bila diploma miaka yote ya shule umeitupa mtoni.

Maduka ya dawa yalikuwa yameporwa. Vidonge vichache vilivyobaki hospitali vilikuwa vya majeruhi na watoto wa malaria. Mimi nikapange mstari pale na watu wenye risasi mguuni, niseme naumwa tumbo la mwezi? Hapana.

Basi nikapiga hesabu ya siku zangu. Mungu wangu! Mwezi unaangukia siku ya kwanza ya mtihani.

Nikakaa chini nikalia kama mtoto.

Tantine Julienne alikuwa muuza mihogo, mfupi, sauti kubwa, na machozi ya mtu hayamtishi. Akaniangalia weee, halafu akasema, "Unalia nini? Bibi zako walizaliwa na vidonge mu mukono? Amuka. Tumbo ya mwezi inataka moto na kutembea."

Hapo mazoezi yakaanza, wakuu. Yaani mazoezi ya kweli.

Mwezi uliofuata, mtihani ukiwa bado mbali, mara tu maumivu yalipoanza akanikataza kulala. Nilizungushwa parcelle nzima, yaani kiwanja cha nyumba, toka jikoni hadi kwenye choo, toka choo hadi mlangoni, yeye nyuma yangu kama polisi. Nikisimama ananisukuma. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba Julienne anamfundisha mtoto wa kaka yake uaskari.

Nikichoka, ananipigisha magoti kwenye mkeka, paji la uso chini, mikono mbele, kiuno juu. Halafu ananisugua mgongo chini kabisa na mafuta ya mawese kwa vidole gumba, huku ananiambia nipumue polepole, nitoe pumzi kama mtu anayepuliza makala, yaani makaa ya jikoni.

Siku moja jirani yetu, muzee mmoja Mwislamu aliyekuwa ananunua dhahabu, akachungulia juu ya ua akaniona nimeinama hivyo. Alifurahi jamani! Kesho yake akaja kumpongeza Tantine kwamba amesikia mtoto amesilimu. Tantine, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, akapiga ishara ya msalaba mara tatu.

Lakini dawa kubwa, kama tunaweza kuiita dawa, ilikuwa soksi.

Mume wake Tantine alikuwa machimboni upande wa Mongbwalu, ameacha soksi zake nene za sufu. Tantine alifua moja, akaijaza mahindi makavu. Anayamwaga kwanza kwenye sufuria, anayapasha juu ya makala, anarudisha kwenye soksi, anafunga. Anaijaribu kwenye mkono wake kwanza isije ikaniunguza, ndipo ananifunga tumboni juu ya kitenge.

Wakuu, lile joto lina upole fulani. Linaingia polepole, na tumbo linaachia lenyewe. Sisemi maumivu yaliisha. Yalipungua, nikaweza kusoma. Nikajua nitafanya mtihani wangu.

Asubuhi ya Exetat mwezi ukafika bila kuchelewa hata kidogo. Huo ndio ulikuwa mgeni pekee aliyefika kwa wakati Bunia nzima.

Sasa hapa ndipo Tantine alipokosea, kwa mapenzi tu. Akaogopa joto litaisha njiani kabla sijafika. Siku zote alikuwa anapasha mahindi. Siku hiyo aliyaacha motoni yakakaangika, yakawa ya kahawia, nyumba nzima ikanukia. Akaongeza kitenge kingine katikati nisiungue, akanifunga, nikavaa blauzi nyeupe na sketi ya bluu juu yake. Nikatoka nikiwa na kitumbo na harufu ya mahindi ya kukaanga.

Karibu na daraja kulikuwa na barrière, kizuizi cha wapiganaji. Wa upande gani sitasema, wa Bunia mnajua wenyewe. Wanafunzi na akina mama wa soko tulipanga mstari tupekuliwe. Siku zile wanawake waliotoka machimboni walikuwa wanaficha dhahabu tumboni, chini ya kitenge, na wale vijana walijua.

Mmoja mrefu, mwenye kofia ya sufu nyekundu, akanisimamisha.

"Uko na nini ku tumbo?"

Nikasema mahindi. Wakacheka wote. Nani anafunga mahindi tumboni? Akasema, "Toa hiyo zahabu, tusikawie."

Ilibidi nifungue pale pale mbele ya mstari mzima. Nikampa soksi. Akaifungua, akachungulia, akanusa.

Wakuu, njaa haina cheo. Wale vijana walikuwa hawajala tangu jana yake. Wakasahau dhahabu. Wakaanza kutafuna mahindi yangu, mmoja baada ya mwingine, toka kwenye soksi ya mume wa Tantine, na wakasema ni matamu. Kisha yule wa kofia akatuambia barrière imefungwa, hakuna kupita mpaka chef wao, mkubwa wao, aje.

Na chef huwa anakuja saa ngapi? Hakuna aliyejua. Mtihani unaanza asubuhi hiyo. Tumbo likaanza kukaza. Nikashika nguzo ya daraja, nikaona diploma yangu inatafunwa na watu wenye bunduki.

Sasa pembeni pale alikuwa Mama Bahati, anakaanga mikate ya kuuza. Ananijua, ni rafiki wa Tantine sokoni, na siri ya soksi anaijua yote. Akaacha kijiko chake ndani ya mafuta, akawauliza kwa sauti ya upole kabisa.

"Banangu, mumekula? Imeshuka muzuri? Mujue tu, ile mahindi imetoka ku tumbo ya mutoto mwanamuke, na leo iko mu mwezi."

Wakaacha kutafuna.

Niwaeleze wasiojua. Wale vijana walikuwa wamechanjwa dawa ya kuzuia risasi, na ile dawa ina miiko. Mwiko mkubwa kuliko yote ni mwanamke aliye mwezini. Usimguse, usile kilichopita mkononi mwake, la sivyo dawa inakufa na risasi inakupata kama mtu wa kawaida.

Nilitamani ardhi inimeze. Mambo yangu ya ndani yametangazwa mbele ya soko zima!

Yule wa kofia nyekundu akanitazama. "Ni kweli?"

Nikaitikia kwa kichwa. Wengine wakaanza kutema. Mmoja alitia kidole kooni. Mwingine alifuta ulimi kwa mkono wa shati. Halafu wakakimbia, wakuu, wote, kupanda kilima kwa muzee wao wa dawa akawaoshe upya. Barrière ikabaki na kamba na kigogo. Hakuna hata mtu wa kulinda.

Akina mama walicheka hadi wengine wakakaa chini. Kisha tukapita, mstari mzima, wanafunzi mbele.

Mama Bahati akanivuta. Akatoa jiwe dogo lililokuwa limeegemea moto wake, akalijaribu kwenye mkono, akalifunga kwa kitambaa chake cha kichwa mara nyingi. "Kimbia, mwanangu."

Sikukimbia, nilitembea. Kama Tantine alivyonizungusha parcelle, nikipuliza makala yasiyoonekana. Nilifika mlango unataka kufungwa.

Ndani ya chumba, msimamizi akaona furushi kwenye mapaja yangu. Akadhani ni majibu. Akasimama juu yangu, chumba kizima kikageuka. Sijui nguvu ilitoka wapi. Labda baada ya lile daraja aibu ilikuwa imekwisha yote. Nikasema kwa sauti, "Mwalimu, niko mwezini. Hili ni jiwe la moto."

Akaligusa. Alikohoa kidogo, akanihamishia kiti cha nyuma, akasema nikitaka kusimama nisimame. Basi. Niliandika nusu ya karatasi nimesimama.

Matokeo yalisomwa redioni. Kwetu ukipita Exetat unamwagiwa poda kichwani, lakini poda mjini ilikuwa hakuna. Tantine Julienne aliingia jikoni, akatoka na bakuli la unga wa mahindi, akanimwagia wote. Unga wa kula usiku ule! Tulilala na njaa tukicheka. Siku hiyo nililia tena, na safari hii hakunikataza.

Kwa nini naandika leo? Juzi nilipanda moto, yaani pikipiki ya abiria, kwenda sokoni. Dereva ni mtu mzima sasa, ana mvi kidogo. Akaniangalia kwenye kioo chake, akapunguza mwendo.

"Dada, weye haiko ule wa mahindi?"

Nikamtazama vizuri. Kumbe ni yule wa kofia nyekundu. Akaniambia muzee wa dawa aliwafukuza siku ile, alikataa kuwaosha. Yeye mwenyewe akapigana mpaka vita ikaisha, bila dawa, na mahindi yangu tumboni, na risasi haikumpata. Tangu hapo, anasema, hakuogopa tena mwanamke aliye mwezini. Kisha akaona haya. Ana binti, kila mwezi anajikunja kitandani, na mama yake hayupo tena. "Ile mahindi, munapashaka namna gani?"

Nilimwelekeza pale pale kando ya barabara, na soksi, na kutembea, na kupuliza makala. Nikamwambia pia, maumivu yakizidi sana au damu ikiwa nyingi kupita kawaida, ampeleke hospitali, asicheze. Na nyinyi nawaambia hivyo hivyo.

Somo langu, wakuu: tumbo la mwezi si siri ya kufa nayo. Ukilitaja kwa sauti, mwenye jiwe la moto anakusikia. Haya, akina dada, mama zenu waliwafundisha nini? Akina kaka mliosoma mpaka hapa, semeni na nyinyi, nani nyumbani kwenu mnampashia mahindi?

Ah, nilitaka kusahau. Yule dereva alikataa nauli. Alipowasha pikipiki aondoke akauliza, mahindi ikishapoa, inaweza kuliwa?

Nikamwambia, "Weye ndiye wa kujibu hiyo."