Samaki wa Aya ya Kwanza

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya ualimu karibu na Kisian, darasa langu la sita lilikuwa likipata alama zote katika ufahamu. Mwalimu wa darasa alijivunia alama hizo. Mimi nikaona hapa kuna jambo. Nikaandika ubaoni sentensi ya maneno niliyoyabuni: "Mpigu alimtomesha mzaku kwa sababu ya gwembi." Kisha nikauliza, kwa nini mpigu alimtomesha mzaku?

"Kwa sababu ya gwembi," darasa zima.

"Gwembi ni nini?"

"Ni ile sababu, mwalimu."

Basi nikabadilisha mtindo. Baada ya kila aya, wao ndio wataniuliza maswali. Siku ya kwanza nilipata moja tu: "Mwalimu, tupige mstari?" Mwalimu huulizwa ruhusa, haulizwi maana. Niliwabembeleza wiki mbili, na ilipofika siku ya mhadhiri wangu kuja kunitathmini, walikuwa wamezoea. Walizoea kupita kiasi. Ningeanguka tathmini hiyo, ningerudia muhula mzima, na mama yangu alikuwa ameshawatangazia watu wa Port Victoria kwamba nahitimu.

Mhadhiri aliketi nyuma. Tukasoma aya ya kwanza: mama anamtuma binti sokoni na samaki, mvua inanyesha, samaki wanaoza.

"Mwalimu, hiyo ni uongo," akasema msichana wa dirishani. "Mvua haiozeshangi samaki. Inaozeshanga hizi dagaa za omena ikiwa imeanikwa."

"Labda ni omena," akasema mwingine.

"Anika omena kwa kichwa ya mtu anatembea?" akamjibu yule wa dirishani.

"Huenda samaki walikuwa wamelala tangu jana," mhadhiri akasema kutoka nyuma.

"Sir, wapi imeandikwa?" msichana akamuuliza.

Wote wakageuka wamtazame. Akapekua kitabu, hakupata. Kengele ililia tukiwa aya ya pili kati ya tano.

Nje, alinikabili. "Hukumaliza somo. Darasa lako linabishana kama soko."

"Ulitaka wamalize au waelewe?" nikamuuliza, na papo hapo nikatamani kulimeza swali langu.

Akafungua kitabu aya ya tatu, akasoma akiwa amesimama juani.

"Na huyu mama," akasema hatimaye, "kwa nini hakwenda mwenyewe?"

"Sijui, mzee. Haijaandikwa."

Akaguna, akaandika alama. Ilinitosha kuhitimu, haikuzidi hata kidogo.