Ng'ombe Aliyeombewa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kichinjio cha Ikutha nikiwa na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, na gambuti mpya zilizolia kila nikipiga hatua. Wachinjaji waliacha visu wakanitazama. Mmoja akawauliza wenzake kwa Kikamba, kwa sauti, eti huyu msichana ametumwa na nani kununua matumbo. Nikamjibu kwa Kikamba hicho hicho kwamba nimetumwa na serikali, na matumbo hayo hayauzwi kabla sijayaangalia. Walicheka sana. Nami nikacheka.

Nyinyi vijana mlioajiriwa na kaunti juzi mnashangaa, lakini siku zile kwetu Ukambani mwanamke hakusimama pale ng'ombe anapochinjwa. Nyama ilimkuta jikoni. Baba yangu mwenyewe aliniuliza kama nafasi za ualimu zilikuwa zimekwisha. Nikamwambia, "Baba, mtu anaweza kufundishwa kusoma mwaka ujao. Akila nyama mbaya leo, mwaka ujao hataufikia." Kesho yake akanisindikiza mpaka stendi akinibebea sanduku. Ninamshukuru mpaka leo.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Afisa Mifugo wa Tarafa, mzee mfupi mwenye hasira fupi kuliko yeye mwenyewe. Alinifundisha kazi ya ukaguzi wa nyama tangu mwanzo, kana kwamba chuoni nilikuwa nimelala tu.

"Anza na mnyama akiwa hai," aliniambia. "Mtazame akitembea. Mnyama mgonjwa hujisema mwenyewe. Shida yako ni kwamba unaongea sana."

Baada ya kuchinja, tulipasua tezi. Tezi ni vile vinundu vidogo vilivyojificha shingoni, kifuani na kwenye utumbo, vinavyokamata ugonjwa kabla haujasambaa. Ukitaka kujua mwili una siri gani, iulize tezi. Kisha misuli ya taya na moyo, kutafuta vijibofu vya tegu. Kisha ini, kuona kama lina minyoo. Mwisho ndipo ulipochukua mhuri wa wino wa zambarau. Afisa alipenda kusema, "Mhuri huu ukigusa nyama, umewaambia akina mama wote wa Ikutha, haya, pikeni. Na wao hawatakuuliza mara ya pili. Wanakuamini."

Kutoka Ikutha nilipelekwa Kwa Vonza. Pale mchinjaji alikuwa mzee Mwislamu ambaye babu yake alikuja kutoka pwani akaoa Ukambani. Mnajua miji yetu. Tunamwachia Mwislamu kisu ili majirani wote wale bila wasiwasi. Asubuhi moja nilikuta zogo. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameshusha ng'ombe aliyefia ndani ya lori, bado ana joto, anataka akatwe shingo haraka ili aonekane amechinjwa.

"Mzee, nani ataona? Tuko sisi tu hapa," alikuwa akisema.

Mzee akafuta kisu chake, akakirudisha kwenye ala, akaketi juu ya jiwe. "Mwenye kuona ameshaona," akasema. Basi. Hakubishana tena.

Mfanyabiashara aliondoka na mzoga wake akitukana, nami nikampigia chifu simu ili usije ukauzwa mbele. Lakini siku nzima nilikuwa nikijiuliza: mimi ninayeimba kwaya kila Jumapili, niliyeokoka mbele ya watu, siku yangu ikifika nitaketi juu ya jiwe kama huyu mzee? Sikujua. Mtu hajui mpaka ayafikie.

Niliyafikia Kikima, kule Mbooni nilikohamishiwa baadaye.

Huko niliolewa, nikazaa, nikajiunga na kanisa lililokuwa likiabudu chini ya mabati yaliyoshikiliwa na nguzo za mti. Tulijenga jengo la mawe kwa jasho, na siku ya kulifungua ikapangwa. Wageni wangetoka makanisa mengi. Ndipo Syombua, mjane aliyeishi mteremko wa chini ya soko, akatangaza kwamba atatoa fahali wake awe nyama ya sherehe. Fahali mmoja tu aliyekuwa naye, wa kulimia. Mjukuu wake alikuwa ameugua, akapata nafuu, na yeye alikuwa amemwahidi Mungu.

Jumapili iliyotangulia walimleta fahali huyo mpaka uwanja wa kanisa. Akina mama walimfunga leso nyekundu shingoni. Wakaimba, vigelegele vikapigwa, Mchungaji akaweka mkono kati ya pembe zake akamwombea, akamweka wakfu kwa ajili ya nyumba ya Bwana. Syombua alilia kwa furaha. Nilikuwa nimesimama mstari wa mbele wa kwaya, na niliimba kwa nguvu zangu zote. Niliona pia kwamba fahali alikohoa. Nikajiambia ni vumbi.

Jumamosi asubuhi akachinjwa. Akina mama walikuwa nje ya ua wa kichinjio na makarai yao, Syombua katikati yao kama mama wa bibi harusi. Nikapasua tezi ya kifuani. Kisu kikakwaruza, kama kinachokata mchanga. Ndani mlikuwa na kitu cha manjano, kikavu, kama maziwa yaliyoganda yakasahauliwa. Nikapasua ya shingoni, ni hivyo hivyo. Ya utumbo, hivyo hivyo. Nikafungua kifua, na ukuta wake wa ndani ulikuwa umejaa vipele vinavyong'aa kama shanga. Kifua kikuu, na kilikuwa kimetapakaa mwili mzima. Kikiwa kwenye tezi moja, unaweza kutupa sehemu ukaachilia nyingine. Kikitapakaa, sheria haina mjadala. Mnyama mzima anazikwa.

Mchungaji alikuwa amekuja na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Niliwaita kando nikawaonyesha.

"Haiwezekani," alisema Mchungaji. "Daktari, hii ng'ombe tuliiombea." Huku kwetu yeyote anayegusa mifugo huitwa daktari.

"Tuliiombea, Mchungaji. Hata mimi niliimba. Lakini kifua kikuu hakisikii kwaya."

"Imewekwa wakfu! Kitu cha Mungu sasa kinangoja mhuri wa serikali?"

Mwenyekiti akaja na lake. "Si tuchemshe tu mpaka kesho? Moto unaua kila kitu."

"Na wale watakaoishika mbichi? Na wale wazee wanaochomaga mbavu pembeni kabla sufuria haijachemka, wewe ukiwa wa kwanza?" Hapo alitazama chini, maana nilimjua.

Mchungaji akasogea karibu. Huyu ndiye aliyenifungisha ndoa, akabariki watoto wangu. Alisema polepole, "Sawa. Basi nenda wewe umwambie yule mama. Mwambie Mungu amekataa sadaka yake. Uone kama kesho atakuwa na imani ya kusimama."

Jamani, neno hilo lilinichoma. Sheria sikuiogopa, wala mkubwa wangu. Niliogopa kumvunja Syombua. Mhuri ulikuwa mfukoni. Dakika moja tu, na kila mtu angefurahi, mjane angesifiwa, wageni wangeshiba, na kama mtu angeugua, angeugua baada ya miezi na hakuna ambaye angekumbuka. Niliomba pale pale, macho wazi, kisu mkononi. Sikusikia sauti yoyote. Kilichonijia ni wazo rahisi tu: hawa watu watakula kwa sababu wananiamini mimi, na mimi ninajua.

Nikatoka nje nikamwita Syombua ndani. Wanaume wakaguna, nikawaambia waniache. Nikamshika mkono nikamwonyesha mapafu.

Akainama kuyatazama. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, akimtaja Mungu kwa Kikamba, "Mwanangu, Ngai amekataa?"

"Hapana, mwaitu, mama yangu. Ngai hakukataa chochote. Aliyekataa ni mimi. Fahali alikuwa mgonjwa, na hii nyama ingeumiza watu uliotaka kuwalisha."

Akautoa mkono wake mkononi mwangu. Alitoka, akapita katikati ya wenzake, akateremka nyumbani. Tulichimba shimo, tukamwaga mafuta taa juu ya nyama, tukafukia. Kila koleo la udongo niliona kama linaangukia kifua changu.

Jumapili wageni walikula muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, na ndengu. Wanakwaya wenzangu waliniachia nafasi kubwa kwenye benchi, kama vile ni mimi niliyekuwa na ugonjwa. Syombua hakuja. Lakini Mchungaji, Mungu ambariki, alisimama kwenye mimbari mpya, mbele ya wageni wote, akasema, "Jana nilikuwa karibu kuwalisha ugonjwa kwa jina la Bwana. Nilidhani maombi yangu yananiondolea wajibu wa kutenda haki. Ndugu zangu, nisameheni." Sijawahi kusikia mahubiri mengine mafupi hivyo, na ndiyo pekee ninayoyakumbuka neno kwa neno.

Jumatatu nilipeleka taarifa kwa Daktari wa Mifugo wa Wilaya. Nilitarajia pongezi. Alinitazama juu ya miwani. "Umekataa nyama, vizuri. Sasa huyo fahali alitoka hewani? Nenda bomani kwake."

Tulienda pamoja. Syombua alitupokea, akatuletea viti, lakini mimi hakunitazama usoni. Daktari alidunga ng'ombe wake waliobaki kwenye ngozi ya shingo, dawa ya kupima, tukarudi baadaye kuangalia kama pamevimba. Ng'ombe mmoja wa maziwa alikuwa amevimba. Ndiye ambaye mjukuu alikuwa akinywa maziwa yake yakiwa ya moto kutoka kwenye kiwele. Na mjukuu huyo, msichana mdogo, alipotuletea maji ya kunawa, Daktari aliona uvimbe shingoni mwa yule msichana, akauliza umekuwa pale tangu lini. Hospitali ilikuta ni kifua kikuu kile kile. Ile nafuu waliyoishukuru haikuwa nafuu, ilikuwa kupumzika kwa ugonjwa. Akatibiwa, akapona kabisa.

Watu hupenda sana sehemu hiyo ya hadithi. Hushangilia, husema, "Unaona! Mungu alikuwa na mpango!" Nami ninamshukuru Mungu, ninamshukuru kweli. Ila nawaomba nyinyi mlio wakristo na mmevaa makoti ya kazi, msiipende sana. Ile Jumamosi sikujua habari za msichana huyo. Kama ng'ombe wote wangepimwa wakakutwa wazima, kama Syombua angenichukia mpaka kaburini, nyama ile bado ilikuwa ya shimoni. Tukitenda mema ili tuone matunda, siku matunda yakichelewa tutapiga mhuri. Mkristo hutenda haki kwa sababu kuna jirani mwenye sahani anayemwamini, na Bwana alituambia tumpende huyo. Mimi sijaona fumbo kubwa zaidi ya hapo.

Nilifanya kazi miaka mingine mingi, nikarudi Kitui nilikoanzia kazi, nikawa msimamizi wa wakaguzi wachanga, nikapenda kuwakaripia kama nilivyokaripiwa. Nilipostaafu, kanisa la Kikima liliniita linishukuru. Syombua alifika akiwa ameshika fimbo, mgongo umepinda, mjukuu wake aliyekuwa sasa mama wa watoto akimwongoza. Kwa miaka yote hiyo tulisalimiana vizuri, lakini habari za fahali hakuwahi kuzitaja hata siku moja.

Alikuwa ameleta mbuzi. Alichinjwa nyuma ya kanisa, mkaguzi kijana wa kaunti akamkagua akapiga mhuri. Moto ulikuwa tayari. Syombua akasimama mbele ya nyama akazuia kwa fimbo.

"Bado," akasema.

"Susu, bibi yangu, nimeshakagua," kijana akajitetea.

"Wewe ni mtoto mzuri. Bado."

Akanigeukia, kwa mara ya kwanza tangu siku ya fahali akinitazama moja kwa moja machoni. Nikamwambia, "Mwaitu, mimi nimestaafu. Vifaa vyote nimerudisha. Sina ruhusa tena."

"Sijakuuliza ruhusa. Sadaka yangu ninaitoa leo, na sitaitoa mpaka wewe uitazame."

Machozi yakanitoka mbele ya watu wote. Nikakunja mikono ya gauni langu la sherehe, nikaomba kisu, nikainama. Tezi, mapafu, ini, kwa utaratibu, bila haraka. Kisha nikainuka nikamwambia, "Ni safi, mwaitu."

Syombua akashusha fimbo, akawageukia watu.

"Haya," akasema, "Ngai amepokea. Kuleni."