Picha ya Kanisa Niliyoipaka Fufu

Weka kisu chini kwanza, mwanangu. Kabla hujaigusa hiyo kadre, hiyo fremu ya picha, kuna siku moja sijaisahau, na nikiikumbuka najikasirikia mpaka leo.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, mjuaji kupita wote hapa Kabondo. Wazazi walikuwa wamefariki, tukilelewa na tonton, mjomba wetu, mimi na dada yangu Veronika. Ukutani ilikuwepo picha hiyo hiyo ya kanisa kubwa la kando ya mto, iliyopigwa chapa zamani sana. Karatasi ilikuwa imejikunja, na wakwe wa Veronika walikuwa wanakuja. Nikasema nitainyoosha. Nilimwuliza nani? Hakuna! Nikakoroga fufu nyepesi, ugali wa muhogo unaonata kama gundi, nikaipaka nyuma yote, nikaibandika kwenye ubao. Tena maandishi ya wino kule nyuma niliyaona, mwanangu. Niliyaona kabisa!

Jioni tonton akarudi kutoka parokia. Padri alitaka tarehe ya ubatizo wa Veronika, la sivyo hakuna ndoa. Daftari za misheni zilikuwa zimeungua wakati wa vita, na neno la mdomo hakulitaka. Tonton hakuwa na wasiwasi.

"Papa yenu aliandikaka tarehe ya ubatizo ya batoto bote nyuma ya hii picha ya kanisa," akasema, akageuza kadre. Akakuta ubao.

"Nani alifanya hivi?"

"Ni mimi, tonton."

"Maandiko uliona?"

"Niliona."

"Bon. Na ulishindwa kuuliza? Mudomo yako iko ya kula tu?"

Tuliiloweka picha majini, tukaibandua polepole. Wino wote ulikuwa umeyeyuka ndani ya fufu. Mwandiko wa baba, basi tena.

Padri akaamua Veronika abatizwe upya. Jumapili, mbele ya wakwe, dada yangu mwenye miaka ishirini na miwili akajipanga mstari mmoja na akina mama waliobeba watoto wachanga. Watu wakacheka. Alilia. Afadhali angenipiga makofi!

Sasa na wewe, mjukuu wangu, ah, kila saa "najua, koko, najua". Unajua nini? Kitu cha wazee usichokielewa, kigeuze, kitazame, kisha muulize anayekijua angali hai. Aibu ya kuuliza ni yako peke yako. Ile ya kutouliza nilimpaka dada yangu.

Mungu akulinde, mwanangu, akupe mikono ya kazi na subira ya kusikiliza, na asikuache kamwe umlize mtu wako kwa ujuaji.