Theluji ya Nyuma ya Jiko

Alfajiri, Verna Keesick anatoka kwa mlango wa nyuma wa jiko la shule na ndoo ya maji ya moto yaliyooshewa vyombo. Miaka yote huyamwaga papo hapo mlangoni. Leo anazunguka jengo zima, akayamwage upande wa ziwani.

Pale mlangoni pamebaki theluji ya mwisho ya kijiji, na bila theluji hiyo hana shahada.

Verna ni mpishi, mjane mwenye wajukuu. Anasomea shahada ya uzamili ya masomo ya watu wa asili. Ya darasani kamaliza, mtihani wa Kiojibwe, lugha ya kwao, kafaulu, tasnifu imepita. Limebaki sharti moja: asimulie hadithi za kale za bibi yake mbele ya wazee na walimu wa chuo, hapa hapa kijijini.

Walimu walikuwa waje katikati ya baridi, dhoruba ikazuia ndege. Sasa wanakuja Ijumaa, na mvua imeanza.

Kwa Waojibwe, watu wake, hadithi hizo ni za wakati wa theluji. Ardhi ikiwa wazi, mdomo hufungwa.

"Ukisimulia bila theluji, vyura watakuja kulala nawe," anasema Adele, mama yake mkubwa, ambaye bila idhini yake chuo hakisikilizi kitu. "Na ujane wako huo, utawafunika blanketi."

"Mama mkubwa, acha hizo. Muda wangu chuoni unakwisha. Nikikosa Ijumaa, miaka yote hiyo imekwenda na maji."

"Basi iende. Theluji sikuitengeneza mimi."

Mwalimu wake wa chuo amempigia simu: hata theluji ikiisha, asome tu kwenye karatasi, sharti litimie. Verna amekataa.

"Shahada nitaipata," anasema. "Halafu huyu mama mkubwa nitamtazamaje?"

Kitendawili, wasomaji wangu: mgeni wetu mweupe, ukimkaribisha jikoni hulia mpaka akaisha.

Alhamisi unavuma upepo wa kusini. Paa linadondosha maji. Theluji ya mlangoni imebaki kama godoro la mtoto.

"Itatosha?" Verna anauliza.

"Kesho itasema yenyewe," anajibu Adele, na hageuki.

Akifaulu, Verna anataka kuwasimulia watoto wa shule hii kila baridi, darasani, akiwa mwalimu wao. "Mikate yangu wanaijua," anasema. "Bibi yangu hawamjui."

Anamaliza vyombo, anageuka achukue ndoo. Haipo.

Dirishani anamwona Adele na goti lake bovu, ameishika kwa mikono miwili, anazunguka jengo polepole, tone lisimwagike.